Pambizo na majini ya steshenari

Leo naomba tuache kidogo siasa na Ligi Kuu, tuzungumzie kitu ambacho wengi wetu tumekilaani kimoyomoyo lakini hatujawahi kujiuliza kimetoka wapi. Kitu chenyewe ni ile nafasi nyeupe inayozunguka maandishi kwenye karatasi. Kwenye steshenari za huku Ilemela, kuanzia Kirumba na Pasiansi mpaka Nyakato na Buzuruga, utasikia inaitwa "majini". Ndiyo, majini. Ni neno la Kiingereza lililotiwa lafudhi ya kwetu, na mgeni akimsikia dada wa steshenari akimwambia mteja "kaka, majini yako yamevurugika" anaweza kudhani ameingia kwa mganga.

Kiswahili chake sanifu ni pambizo. Wazee wa pwani walisema pia hashia. Jina lolote utakalochagua, mkasa ni uleule. Mwanafunzi ana ripoti yake ya utafiti, mwisho wa kuwasilisha ni saa kumi jioni. Nyumbani kwenye laptop ripoti ilikuwa kurasa 60, akifungua steshenari inakuwa 58. Jedwali la sura ya nne limekatika katikati. Yaliyomo yanasema sura ya tano iko ukurasa wa 48, ukifunua huikuti. Anachapa, analipa kwa kila ukurasa, msimamizi anairudisha, anachapa tena na kulipa tena. Hapo kila mtu anamlaumu mwenzake. Mteja anamlaumu dada, dada anailaumu printa, na printa haina mdomo wa kujitetea.

Mimi nasema wote wanaonewa. Ukurasa wako umevurugwa na maamuzi yaliyofanywa zamani na mbali, pamoja na tabia tulizorithi kutoka kwenye mashine nyingine kabisa. Hii ni historia, na ukiijua historia yake utaacha kuogopa majini. Twende taratibu.

HASHIA KABLA YA MITAMBO

Kabla ya mtambo wowote wa uchapaji kufika kwetu, watu wa pwani walikuwa wakiandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kutoka kulia kwenda kushoto. Utendi wa Tambuka uliandikwa na Mwengo wa Athumani kule Pate mwaka 1728. Ubeti wa utendi una vipande vinne, na katika miswada mingi ya tenzi mwandishi aliupanga ubeti mzima kwenye mstari mmoja, vipande vikitenganishwa kwa alama ndogo. Ukiutazama ukurasa kwa mbali unaona kama safu nne zinazoshuka. Yaani umbo la shairi ndilo lililoamua umbo la ukurasa.

Kazi hiyo ilikuwa na mafundi wake. Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, alinakili tenzi nyingi kwa mkono, na baadhi ya miswada yake ipo London mpaka leo. Huyuhuyu alikuwa pia mchongaji wa mbao. Mtu wa namna hiyo huhitaji kuambiwa kwamba mlango mzuri lazima uwe na fremu.

Na hashia haikuwa nafasi iliyopotea bure. Ndipo vidole vilipokamata karatasi bila kufuta wino. Mchwa na unyevu wa pwani vikianza kula kitabu, vinaanzia pembeni, kwa hiyo hashia inaliwa kwanza na maneno yanabaki. Msomaji aliyekuja baadaye aliandika maelezo yake hapo, na katika elimu ya Kiislamu neno hashia likawa pia jina la maelezo yenyewe. Ukitaka mfano wa nyumbani tazama kanga. Ina mji katikati, ina jina lake, na ina pindo kuzunguka pande zote. Hakuna mama anayeuliza pindo ni la nini.

HERUFI ZA RISASI

Uchapaji wa Kiswahili kwa herufi za Kilatini ulipata nguvu Unguja, kwa wamisionari wa UMCA. Edward Steere alifika huko mwaka 1864, na misheni ikawa na mtambo wake ambako vijana, wengi wao waliookolewa kutoka utumwani, walifundishwa kupanga herufi. Gazeti la Msimulizi lilitoka Kiungani mwaka 1888.

Hapa kuna jambo la kiufundi ambalo lina maana kubwa kwetu. Katika kupanga herufi za risasi, hata nafasi kati ya neno na neno ilikuwa kipande cha chuma, kifupi kuliko herufi ili kisiguse wino. Kama fundi alitaka mistari yote iishie sawa upande wa kulia, aliongeza vipande vyembamba kati ya maneno mpaka mstari ujae. Neno likizidi, alilikata kwenye silabi kwa kulisikiliza sikioni mwake. Nafasi ilishikika mkononi, na aliyeiweka alijua ameiweka.

Teknolojia hiyo haikuchelewa kufika ziwani. Mwaka 1878 Alexander Mackay wa CMS alifika Kageye, kwenye ufuko wa Ghuba ya Speke, mashariki kidogo ya hapa Ilemela. Alikuta mizigo ya misheni imetapakaa na mashua yao, Daisy, ikiwa mbovu. Aliitengeneza, akavuka ziwa kwenda Buganda, na miongoni mwa vifaa vya misheni kulikuwa na mtambo mdogo wa kuchapia. Kwenye baraza la Kabaka Mutesa alisoma Maandiko kwa Kiswahili, na kwa ajili ya wanafunzi wake alichonga herufi kubwa za mbao na kuchapa karatasi za kujifunzia kusoma. Mwaka 1887 alifukuzwa Buganda akahamia Usambiro, kusini mwa ziwa, na huko akafariki mwaka 1890. Kwa hiyo suala la kupanga herufi kwenye karatasi si geni kwenye maji haya. Limeshatimiza zaidi ya miaka 140.

Baadaye ukaja mjadala wa Kiswahili sanifu. Mkutano wa Mombasa wa 1928 ulichagua Kiunguja kuwa msingi, na Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki ikaanza kazi mwaka 1930. Tahajia ikawa moja kutoka Mombasa mpaka Mwanza. Lakini kuhusu ukurasa, yaani mstari uwe na urefu gani, neno likatwe wapi, pambizo iwe pana kiasi gani, mambo yaliachiwa yeyote aliyekaa mbele ya mashine.

KENGELE YA TAIPURETA

Na mashine iliyofuata ilikuwa taipureta. Serikali ya kikoloni iliendeshwa kwa taipureta, na serikali huru ikairithi. Chuo cha Uhazili Tabora kilitoa makatibu muhtasi waliosambaa ofisini nchi nzima, na walikuwa mafundi kwelikweli. Wenye umri wa wazazi wetu wanakumbuka ule mlio wa tak-tak-tak kisha "ting!".

Ile "ting" ndiyo pambizo ikizungumza. Taipureta ilikuwa na vizuizi viwili vya chuma, kimoja kushoto na kimoja kulia. Ukikaribia kizuizi cha kulia kengele ilikuonya kwamba zimebaki herufi chache, ukaamua mwenyewe umalize neno, ulikate, au ushuke mstari. Kushuka mstari kulifanywa kwa mkono, kwa kuvuta wenzo. Ukitaka kichwa cha habari kikae katikati, ulihesabu herufi zake, ukagawa kwa mbili, ukarudi nyuma hatua hizo kuanzia katikati ya karatasi. Ukitaka kuingiza aya ndani ulibonyeza nafasi mara tano. Na hesabu ilikubali kwa sababu kila herufi ilikuwa na upana sawa, "i" sawa na "m". Mashine ya kawaida ilitoa herufi 10 kwa kila inchi.

Karatasi nayo ilikuwa fulskepu, takriban inchi 8 kwa 13, urithi wa Mwingereza. Pambizo ya kushoto iliachwa pana kwa sababu karatasi ilitobolewa na kufungwa kwenye faili. Kila kitu kilikuwa na sababu yake.

TULIVYORUKA NGAZI

Kompyuta ya kwanza ya Serikali ya Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mambo hayakwenda vizuri, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, pamoja na televisheni. Marufuku hiyo ilikuja kulegezwa taratibu miaka ya baadaye. Sitaki leo kufungua mjadala kama uamuzi ule ulikuwa sahihi. Nataka tuone matokeo yake mezani kwa mpiga chapa.

Wakati huohuo kwingineko duniani watu walikuwa wakipita hatua kwa hatua. Programu ya WordStar ilitoka 1978, ikaja WordPerfect, na Microsoft Word ikatoka 1983. Ofisi za wenzetu zilikuwa na muda wa kujifunza kwamba kompyuta haihitaji kuambiwa mstari umefika mwisho, inashuka yenyewe. Sisi ofisi zetu nyingi zilitoka kwenye taipureta na kutua moja kwa moja kwenye Windows. Mtu alifunika taipureta Ijumaa, Jumatatu akakuta skrini, na vidole vyake vikaendelea na kazi ileile vilivyofundishwa. Akifika mwisho wa mstari anabonyeza Enter. Akitaka kichwa kikae katikati anabonyeza nafasi mara 25. Akitaka ukurasa mpya anabonyeza Enter mpaka ukurasa uishe.

Kwenye skrini yake kinaonekana kizuri. Lakini kompyuta inaitafsiri Enter kuwa "aya mpya", na herufi zake nyingi hazina tena upana sawa. Badili fonti, badili karatasi, au ongeza sentensi moja juu, kila kitu kinateleza. Mistari inakatika nusu, kichwa kinahamia kulia, na kurasa tupu zinajitokeza kama uyoga baada ya mvua. Hayo ndiyo majini ya aina ya kwanza. Waliowafundisha wenye steshenari wa leo walifundishwa na watu wa taipureta, na desturi ikashuka kama urithi.

KARATASI MBILI ZISIZOPATANA

Majini ya aina ya pili yanatoka kwenye karatasi. Mwaka 1922 Wajerumani walipitisha vipimo vya karatasi vilivyobuniwa na Walter Porstmann, vikiwemo vya A4, milimita 210 kwa 297. Uzuri wake ni kwamba ukiikunja katikati umbo linabaki lilelile, ndiyo maana A4 mbili zinatoka kwenye A3 moja. Mwaka 1975 vipimo hivyo vikawa vya kimataifa, na leo vinatumika karibu dunia nzima. Rimu uliyotumwa kupeleka shuleni ulipokuwa mdogo ilikuwa A4.

Marekani haikufuata. Wao hutumia karatasi iitwayo Letter, milimita 216 kwa 279, ambayo ni pana kwa milimita 6 na fupi kwa milimita 18 kuliko A4. Na programu nyingi tunazoandikia zimetengenezwa Marekani. Kompyuta ikiwa bado imewekwa kwa nchi ya Marekani, kama zilivyo nyingi zinazofika hapa mitumba, kila faili jipya huzaliwa likiwa Letter. Karatasi ya Letter yenyewe huwezi kuipata kirahisi Mwanza nzima.

Sasa piga hesabu. Kwa pambizo za inchi moja kila upande, eneo la maandishi kwenye A4 ni kubwa kuliko la Letter kwa karibu asilimia 4. Ripoti ya kurasa 60 za Letter ikihamishiwa A4 inashuka mpaka kama 58. Umeiona ile 58 ya pale mwanzo? Hakuna mchawi. Tena kuna printa za HP ambazo faili la aina hiyo huzifanya zigome na kuandika "PC LOAD LETTER". Maana yake ni "niwekee karatasi ya Letter kwenye trei", lakini ni watu wangapi wamezima na kuwasha printa mara kumi kwa kutojua hilo?

Ongezea na mabadiliko ya matoleo. Word 2003 ilianza faili jipya kwa Times New Roman ukubwa wa 12, na toleo lake la Kimarekani liliweka pambizo za inchi moja na robo kushoto na kulia. Word 2007 ikaja na Calibri ya 11, pambizo za inchi moja, mistari iliyoachana kwa 1.15 na pengo la ziada baada ya kila aya. Vikundi vya wanafunzi viliandika nusu ya kazi kwenye toleo la zamani na nusu kwenye jipya, kisha vikabandika pamoja. Yale mapengo ya ajabu katikati ya ukurasa yalitoka huko.

KISWAHILI KWENYE MSTARI

Jambo la tatu linatuhusu zaidi sisi tunaoandika Kiswahili. Neno "watakapokutembelea" lina herufi 18. Kiingereza kingehitaji maneno manne mafupi kusema jambo hilohilo, na kati ya maneno manne kuna nafasi tatu za kupumulia. Mstari wa Kiswahili una maneno machache na marefu, kwa hiyo una nafasi chache. Ukiiambia kompyuta inyooshe pande zote mbili, inazipanua nafasi hizo chache mpaka unaona mito myeupe ikishuka katikati ya aya. Kwenye safu nyembamba za gazeti hali ni mbaya zaidi, na sisi wa vyumba vya habari tunalijua hilo.

Fundi wa herufi za risasi angelikata tu lile neno. Na Kiswahili ni chepesi kukata, maana silabi zake nyingi huishia na irabu: wa-ta-ka-po-ku-te-mbe-le-a. Tatizo ni kwamba kompyuta inadhani unaandika Kiingereza. Ama haikati kabisa, ama inakata kwa kanuni za Kiingereza, na juu yake inachora mistari myekundu chini ya kila neno kana kwamba lugha nzima ni kosa la tahajia.

Wapo walioliona hilo mapema. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na wataalamu kutoka Sweden, ulitoa mwaka 2004 Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili na isiyouzwa. Katikati ya muongo uleule Microsoft nao wakaiwekea Office yao sura ya Kiswahili. Leo LibreOffice, iliyozaliwa mwaka 2010 kutokana na OpenOffice, inakubali Kiswahili, na Word pia. Kazi ya wataalamu wale ilifika mpaka kwenye meza yetu. Sisi ndio hatujaifungua.

TUFANYEJE SASA?

Kwanza, kabla hujaandika neno moja, weka karatasi iwe A4 na lugha ya maandishi iwe Kiswahili. Badilisha na nchi ya kompyuta iwe Tanzania, ili faili zijazo zizaliwe hapa nyumbani. Pili, washa ile alama ya aya inayofanana na P iliyogeuzwa. Itakuonyesha kila Enter na kila nafasi iliyofichika, nawe utaona vidole vya taipureta vilipopita. Tatu, Enter ni ya kumaliza aya tu. Kichwa kikae katikati kwa kitufe chake, ukurasa mpya uanze kwa Ctrl na Enter, na yaliyomo yatengenezwe na programu kutokana na vichwa vya sura, yasichapwe kwa mkono. Nne, kama kazi itabaindiwa, pambizo ya kushoto iwe pana kama chuo chako kinavyoagiza, kwa sababu ileile ya kamba ya faili ya zamani. Tano, ukienda steshenari beba PDF. Aina hiyo ya faili ilianzishwa mwaka 1993 kwa kazi hiyohiyo, ukurasa ubaki ulivyo kwenye mashine yoyote.

Lakini zaidi ya hayo, naomba tuwe na heshima na yule dada wa steshenari. Manispaa yetu ya Ilemela ilianza mwaka 2012, na karatasi nyingi zinazoingia ofisini Buswelu, kuanzia katiba za vikundi vya akina mama mpaka maombi ya wavuvi wa Igombe, zimepita mikononi mwa watu kama yeye. Ndiye mpanga herufi wa zama zetu. Tofauti ni kwamba vijana wa Kiungani walifundishwa kazi na makatibu wa Tabora walisomeshwa miaka, yeye amekabidhiwa kompyuta iliyowekwa kwa ajili ya mtu wa Marekani, kisha analaumiwa ikifanya kazi ya Marekani. Mafunzo ya siku mbili yangetosha kabisa, na vyuo vinavyorudisha ripoti kwa sababu ya pambizo ndivyo vingeanza kuyatoa.

Tahajia ya lugha yetu ilikaliwa vikao tangu 1928. Ukurasa wake bado hatujaukalia kikao.

Nawasilisha.